Usiogeshe Vitoto vya Paka kwa Dawa ya Ng'ombe: Njia Salama ya Kuondoa Viroboto

 

Mara nyingi hapa tunazungumzia ng'ombe, mbuzi na kuku, kwa sababu hao ndio wanaolipa ada ya shule. Leo naomba tumzungumzie paka, hasa vitoto vyake ambavyo bado vinanyonya. Najua wapo watakaocheka. Huku Kwakoa nikiitwa kwa ajili ya paka, majirani husogea kutazama bwana mifugo amekuja kutibu nini. Katika taarifa zangu za kila mwezi naandika ng'ombe waliougua, mbuzi waliochanjwa, kuku waliokufa. Paka hana safu yake. Anaonekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tu, akiletwa ndani ya kiroba huku akipiga kelele.

Lakini jiulize. Umevuna magunia kumi ya mahindi, umeyaweka ndani ukisubiri bei ipande. Usiku ukilala, mlinzi wako ni nani? Panya mmoja akitoboa gunia, hasara si kile alichokula peke yake. Kuna kinachomwagika, kinachochafuliwa kwa mkojo na mavi, na gunia lenyewe ambalo halitauzika tena. Mwenye duka la nafaka analijua hili kuliko mimi. Ndiyo maana paka jike anayezaa vizuri ni mali, na vitoto vyake vina wenyewe kabla havijafumbua macho.

Sasa kila msimu naona vitoto hivyo vikifa kwa namna moja, na wanaoviua ni watu wanaovipenda. Wanaviona vina viroboto, wanavihurumia, wanachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye dumu na kuvichovya. Kabla ya jua kuzama vimekwisha. Nakuandikia ili hilo lisitokee kwako.

Kwa nini kiroboto ni hatari kwa kitoto kichanga

Kwa paka mkubwa viroboto ni kero. Kwa kitoto kichanga wanaweza kuwa kifo, na sababu yake ni hesabu ndogo tu.

Kitoto cha paka kikizaliwa kina uzito wa gramu 100 hivi, yaani chini kidogo ya robo ya robo mbili za sukari unazopimiwa dukani. Damu yote iliyomo mwilini mwake ni kama mililita 6 au 7. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai na kidogo juu yake. Viroboto jike wapatao 70 wanaweza kunyonya mililita moja kwa siku. Kwako wewe mililita moja ni kama kuchomwa na mwiba. Kwa kitoto hicho ni kama sehemu moja ya saba ya damu yake, na kesho wanarudi mezani tena.

Utajuaje kwamba damu imepungua? Mfunue mdomo taratibu uangalie ufizi. Ufizi wa kitoto chenye afya ni wa rangi ya waridi. Ukiwa umepauka au ni mweupe kama karatasi, damu imekwisha kwenda. Dalili nyingine ni kulegea, kuwa na mwili wa baridi, kuacha kunyonya na kulia kwa sauti nyembamba bila kukoma. Tazama pia kwenye manyoya: ukiona chembe nyeusi kama majani ya chai, chukua chache uziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hayo ni mavi ya viroboto, na rangi hiyo ni damu ya kitoto chako.

Dawa ambazo hutakiwi kuzigusa

Ya kwanza ni dawa ya kuogeshea au kupulizia mifugo. Nyingi zina sumu za jamii ya pamethrini, saipamethrini na deltamethrini. Ukisoma chupa utaona jina la kiambato linaishia na herufi "thrin". Ng'ombe anaivumilia, mbwa anaivumilia. Paka hawezi, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo haraka kama wanyama wengine. Inabaki mwilini na kushika mishipa ya fahamu. Utamwona anatetemeka, masikio yanachezacheza, anatoa mate, kisha anakakamaa na kupata degedege. Dawa zenye amitrazi, na zile za zamani za jamii ya fosfeti zenye harufu kali, nazo ni hatari kwake. Kuongeza maji mengi hakusaidii, kwa sababu kitoto kitajilamba na mama yake atakilamba pia. Mnakuwa mmewapa sumu wote wawili.

Ya pili ni dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi. Baadhi yake zina pamethrini ndani. Najua wengi huwapaka kuku. Kitoto cha paka usikipake hata chembe.

Ya tatu ni sindano ya ivamektini ya ng'ombe. Hapa naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu nimesikia mtu akisema "nitampa tone moja tu." Ile chupa ya asilimia 1 hutolewa mililita moja kwa kila kilo 50 za ng'ombe. Tone moja ni kama sehemu ya ishirini ya mililita, kwa hiyo ni kipimo cha mnyama wa kilo 2 na nusu. Kitoto chako kina gramu 100. Tone hilo "moja tu" ni mara 25 ya kipimo. Hakuna bomba la sindano dukani linaloweza kupima kiasi kinachokifaa. Na hata ungeweza kupima, ivamektini haiwi kali kwa viroboto.

Ya nne ni tiba za nyumbani: mafuta ya taa, maji ya ugoro au tumbaku, na mafuta ya mwarobaini. Mafuta ya taa huunguza ngozi na kuharibu mapafu kitoto kinapojilamba. Tumbaku ina nikotini, ambayo ni sumu kali kwa kiumbe kidogo hivyo. Mwarobaini tunausifu kwa mambo mengi, lakini kwa paka wachanga uache.

Ya tano ni dawa ya viroboto ya mbwa. Mtu anairudisha kutoka mjini kama zawadi, picha ya mbwa ikiwa imechorwa kwenye pakiti. Nyingi zina ile pamethrini niliyoitaja. Kama pakiti haisemi "paka", na haisemi kuanzia umri gani, haikuhusu.

Kilichotokea kwa mama mmoja mfanyabiashara

Mwaka jana, siku ya gulio, alinifuata mama mmoja ananunua na kuuza mahindi. Alikuwa na boksi la sabuni, ndani yake vitoto vinne vya wiki mbili hivi. Kwenye mkoba alikuwa na chupa ya soda yenye dawa ya kuogeshea aliyopimiwa dukani, bila lebo. Aliyemuuzia alimwambia aweke kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji. Bahati ni kwamba alisita. Jirani yake alikuwa amefanya hivyo hivyo wiki iliyotangulia na kupoteza vitoto vyote pamoja na mama yao.

"Afisa," aliniambia, "mimi nimeshaahidi watu watatu. Na ghala langu nalo lina panya. Nisipotibu vinakufa, nikitibu vinakufa. Nifanyeje?"

Niliangalia ufizi mmoja mmoja. Viwili vilikuwa na nafuu, kimoja kimepauka, na cha nne kilikuwa cheupe kabisa na baridi. Nilimwambia ukweli kwamba hicho cha nne sikuwa na uhakika nacho. Tuliomba beseni na maji ya moto kwa mama lishe wa pale gulioni, tukaanza kazi. Kwa kile cheupe tuliacha kukiogesha. Tulikitia joto kwanza, tukakichana kwa kitana. Usiku ule kilikufa. Vile vitatu vilipona, na kile kilichopauka ndicho leo kinalala juu ya magunia yake.

Nilichojifunza siku ile nakieleza hapa chini kwa hatua, pamoja na nilichokuwa nimefundishwa chuoni.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

1. *Chagua muda na mahali.* Fanya saa sita hadi saa nane mchana, jua likiwa kali, ndani ya chumba kisicho na upepo. Sisi wa tambarare tuna joto la kutosha. Ndugu zetu wa juu, Usangi na Ugweno, fanyeni jikoni karibu na moto, mbali na moshi. Kitoto cha chini ya wiki tatu hakiwezi kujitunzia joto la mwili. Baridi inaweza kukiua haraka kuliko viroboto.

2. *Andaa kila kitu kabla.* Beseni la maji ya uvuguvugu, beseni la pili la kusuuzia, bakuli la maji yenye povu la sabuni, kitana cha chawa chenye meno ya karibu, vipande viwili vya kanga kavu, na chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto na kuviringishwa kwa kitambaa kinene. Maji yapime kwa kiwiko kama unavyomwogesha mtoto mchanga: usisikie moto, usisikie baridi.

3. *Chukua kimoja kimoja.* Vingine vibaki na mama yao. Ukivilowesha vyote kwa pamoja, cha mwisho kitakuwa kinatetemeka wakati wewe bado unakausha cha kwanza.

4. *Kama hakijafikisha wiki mbili, usikitumbukize majini.* Tumia kitana na kitambaa kilicholowa kidogo. Chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, kisha tumboni na makwapani. Kila unapopata kiroboto, chovya kitana kwenye bakuli la povu. Maji matupu kiroboto huelea na kuruka. Kwenye sabuni anazama.

5. *Kama kimepita wiki mbili na viroboto ni wengi, kiogeshe.* Tumia sabuni ya kipande isiyo na manukato makali wala dawa. Anza kwa kupaka povu zito kuzunguka shingo kama kola. Hiyo ni kuziba njia, kwa sababu viroboto wakihisi maji hukimbilia usoni na masikioni. Kisha losha mwili chini ya shingo, kichwa kikibaki juu ya maji muda wote. Chana kikiwa na povu. Dakika tatu zinatosha, zisizidi tano. Suuza vizuri.

6. *Usoni usitumie sabuni.* Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na uokote viroboto kwa kitana au kibano.

7. *Kausha mara moja.* Kanga ya kwanza inyonye maji, ya pili ikaushe. Kisha kiweke kifuani mwako au karibu na ile chupa ya moto, kikiwa na nafasi ya kusogea kama joto likizidi. Kikishakauka hadi manyoya yasimame, kirudishe kwa mama kinyonye.

8. *Rudia kuchana kila siku.* Kuchana hakuna madhara, hata mara mbili kwa siku. Kuogesha acha zipite siku kadhaa, na uoge tu kama viroboto bado ni wengi.

Kama kitoto kina ufizi mweupe au ni baridi, anza na joto, kisha kuchana, na umtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usikiogeshe.

Wale viroboto wasiochomoka

Wengi mnalaza kuku jikoni au ndani ya nyumba. Kuku wana kiroboto wao mdogo anayejichimbia kichwani, pembeni ya macho na kwenye upanga, akaonekana kama kundi la nukta nyeusi. Huyu huhamia kwa paka na hung'ang'ania kwenye ncha za masikio na kope. Kitana hakimtoi. Paka mafuta ya mgando kidogo sana juu yake, safu nyembamba, usiingize jichoni. Subiri, kisha mtoe taratibu kwa kibano. Usimvute kwa nguvu, utachana ngozi. Na mahali paka anapozalia pawe mbali na kuku wanapolala, la sivyo unafuta maji huku bomba liko wazi.

Kazi kubwa iko sakafuni

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu ameogesha vizuri, baada ya siku tatu viroboto wamerudi, anasema sabuni haifai. Sabuni imefanya kazi yake. Kiroboto jike anataga mayai hata 40 kwa siku, na mayai hayo hayakai kwenye manyoya. Yanadondoka pale paka anapolala. Yanatoka viluwiluwi vidogo vinavyokula uchafu kwenye vumbi, kisha vinajifunga kwenye kifuko na kusubiri, wakati mwingine miezi. Umewahi kuingia nyumba iliyofungwa muda mrefu ukashambuliwa miguuni? Walikuwa wanakusubiri ndani ya vifuko, wakasikia mtikisiko wa hatua zako.

Kwa hiyo siku unapoogesha vitoto, badilisha malazi yote. Kiroba na matambara ya zamani yachemshe au yachome moto. Weka kitambaa kisafi kinachofulika, na ukibadilishe kila baada ya siku mbili au tatu. Fagia chumba kila siku, hasa kwenye pembe, chini ya magunia na kwenye nyufa, na takataka zichomwe, usizitupe mlangoni. Nyufa za sakafu ya udongo mwagia maji yanayochemka, wanyama na watoto wakiwa nje. Kisha tumia kile tulichopewa bure huku tambarare: jua. Viluwiluwi vya viroboto havivumilii joto kali na ukavu. Tandiko likianikwa juani mchana kutwa, wengi wanakufa.

Ukilazimika kupulizia dawa nyumbani, toa paka na vitoto vyote kwanza, fuata kipimo cha lebo, na usivirudishe hadi pakauke kabisa na hewa ipite vya kutosha. Mahali wanapolala usipulizie.

Mama yao naye ni chanzo. Mchane kila siku, na ukipata nafasi ya kwenda Moshi au ukimpata daktari wa mifugo, uliza dawa ya paka anayenyonyesha. Mwambie uzito wake na umri wa vitoto. Zipo dawa nzuri za kudondoshea shingoni, na nyingine zinaruhusiwa kwa vitoto kuanzia wiki 6 au 8, kutegemea lebo. Mlishe mama vizuri, dagaa na mabaki ya samaki, kwa sababu maziwa yake ndiyo damu mpya ya vitoto.

Ikiwa sumu imeshapakwa

Usisubiri dalili. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Kausha, tia joto, mpigie daktari wa mifugo, na chukua chupa ya dawa uende nayo. Usikilazimishe kunywa maziwa wala mafuta, kinaweza kupaliwa.

Kwa nini mimi nalichukulia jambo hili kwa uzito

Milima ya Usambara iko mkoa jirani. Mwaka 1980 tauni iliibuka Lushoto na ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20, ikaua mamia ya watu. Tauni ni ugonjwa wa panya unaobebwa na viroboto wa panya: panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Sisemi haya kukutisha, wala viroboto wa paka wako si wale. Ninachosema ni kwamba viroboto na panya ndani ya nyumba ni jambo la afya ya watu. Ukiona panya wanakufa wenyewe, usiwashike kwa mikono, zuia paka na watoto, toa taarifa zahanati. Na kitoto cha binadamu akimeza kiroboto wakati akicheza na paka, anaweza kupata minyoo ya tegu. Kwa hiyo dawa ya minyoo kwa paka, na chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, visisahaulike.

Kazi yetu ya ugani ina ugonjwa mmoja: tunapenda kitu cha chupa. Mkulima akija ofisini akiondoka bila chupa anaona hajasaidiwa. Lakini kwa kiumbe cha gramu 100, beseni la maji ya uvuguvugu, kitana cha chawa na dakika kumi za kila siku vinashinda dawa zote zilizoko dukani. Gharama yake ni muda wako tu. Najua muda nao ni ghali kipindi cha palizi, ila mpe kazi hiyo mtoto mkubwa wa nyumbani, umwelekeze vizuri mara ya kwanza, ataipenda.

Kwa wewe mwenye duka la pembejeo, nina ombi moja. Mteja akikuuliza dawa ya viroboto, muulize kwanza ni ya mnyama gani na ana umri gani. Akisema kitoto cha paka, muuzie sabuni ya kipande na kitana. Faida ni ndogo, lakini atarudi.

Ukikwama, njoo ofisi ya kata au niite nikipita kijijini kwako. Njoo na boksi lako bila aibu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia hao kuku wanaolala jikoni na namna ya kuwajengea banda la gharama nafuu.